Hesabu ya Waliopasuliwa

Nyumba Namba 47,
Kijiji cha Nong Kham Noi,
Mkoa wa Khon Kaen.

9 Desemba 2018.

Mpendwa mdogo wangu Bunloet,

Hujambo huko Taichung? Baridi imeanza? Umenunua blanketi la pili, au bado unalala na koti kama mwaka jana? Na kile kidole kilichobanwa na mashine, kucha imeota? Nijibu yote hayo, usiniruke.

Sisi huku tu wazima. Mama anakula vizuri. Meno yamebaki matatu lakini ulimi upo wote, na kila asubuhi huniuliza kama umepiga simu hata kabla hajanawa uso. Mpunga tumevuna wote isipokuwa kile kipande cha chini karibu na bwawa, bado kina maji. Mkeo Chanpheng hajambo kwa mwili. Binti yako Phim anaingia darasa la tano na mwandiko wake umeshaushinda wako, ingawa hilo si jambo gumu.

Usishangae kupata barua. Naijua simu yako. Kwenye simu wewe hucheka, na ukibanwa unasema, "Dada, mtandao mbovu, sikusikii, dada," halafu kimya. Na huku kwetu simu ikilia wanakusanyika watu saba kusikiliza. Karatasi haina mtandao mbovu. Ukitaka kuichana, ichane, lakini utakuwa umeshaisoma.

Nimesikia, Bunloet. Chanpheng alikuja kwangu Jumatano ya wiki iliyopita, macho yamemvimba, akanieleza yote. Kwamba katika uchunguzi wa afya wa wafanyakazi wageni wameona uvimbe kwenye ini lako, upande wa kushoto, sentimita tatu. Kwamba hospitali ya huko imesema ni saratani ya mirija ya nyongo, ile ile ya kwetu, na kwamba inakatika. Na kwamba wewe umesema hukatwi. Utamaliza mkataba mpaka mwezi wa nne, utarudi nyumbani, utakula unachopenda, utasubiri siku yako. "Afadhali nife mzima kuliko nife nimeshonwa." Ndivyo ulivyomwambia mkeo, ukajiona umesema neno la kiume.

Sikulia. Nilikasirika, na hasira hiyo bado ninayo hapa ninapoandika. Ukiona mahali karatasi imetoboka, ujue ni kalamu niliikandamiza.

Siku ya pili yake Mjomba Phuay akaitisha kikao cha ukoo nyumbani kwake. Unajua desturi yetu: mtu akiugua, wakubwa wanakaa, wanaamua, mgonjwa anaambiwa baadaye, na pengine haambiwi kabisa. Nikaenda. Chakula kikaliwa, wali wa kunata na kuku wa kuchoma, na hapo ndipo Mjomba alipojifuta mdomo akasema kijana amesema vyema, ukoo unamuunga mkono.

"Kisu kikiugusa ugonjwa ule, ugonjwa unakasirika," akasema. "Upepo unaingia tumboni, unautapakaza mwili mzima. Tumeona wangapi?"

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Nikamwambia, "Mjomba, mimi huyu hapa nimekaa mbele yako. Upepo wangu ulipitia wapi?"

"Wewe ni bahati."

"Bahati ya miaka mitano?"

"Wewe Thongmuan ulikuwa mkaidi tangu tumboni mwa mama yako. Hata ugonjwa ulikuogopa."

Wakacheka wote. Na mimi nikacheka, maana ni kweli. Lakini sikwenda pale kuchekwa nikarudi nyumbani, nitakueleza nilichofanya. Kwanza nataka nikukumbushe yangu mwenyewe, kwa sababu naona umeyasahau makusudi.

Mwaka 2013, macho yangu yalipogeuka njano na mwili kuniwasha mpaka najikuna kwa ukuta, mlinipeleka hospitali kubwa ya mjini, wewe, Mjomba na mume wangu Khamsing. Mkaingia kwa daktari ninyi watatu, mimi mkaniacha kwenye benchi. Mlipotoka mkaniambia nina vijiwe kwenye nyongo. Wewe ndiye uliyesema, Bunloet, tena ulikuwa unatabasamu. "Vijiwe tu, dada, kama changarawe za mtoni." Nikakuamini, kwa sababu tangu utoto ulikuwa hujui kudanganya. Kumbe ulikuwa umejifunza.

Nikalazwa. Wadi ya wanawake tulikuwa tisa. Wa kitanda cha kulia, Bibi Kongmi kutoka ng'ambo ya bwawa, nikamwuliza anaumwa nini. Vijiwe. Wa kushoto? Vijiwe. Yule msichana wa dirishani aliyekonda mikono? Vijiwe. Wadi nzima, wanawake tisa, wote vijiwe! Bibi Kongmi akaangalia huku na huku, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwenzangu, vijiwe hivi vyetu, kila wiki kimoja kinatoka hapa kimefunikwa shuka." Tukatazamana. Halafu, sijui kwa nini, tukacheka mpaka nesi akaja kututuliza. Tulijua sote tisa, na sote tisa tulikuwa tumedanganywa na watu wanaotupenda.

Nikateremka kitandani, nikashika ile chupa yangu ya maji ya mshipa na nguzo yake, nikaenda nayo mpaka mlangoni kwa daktari. Yule mwembamba, mwenye miwani. Akasema familia yangu imeshazungumza naye, imeshakataa upasuaji. Nikamwambia, "Familia yangu haina ini hili. Ini ninalo mimi. Niambie mimi mwenye nalo."

Akavuta kiti. Akaniambia yote, wala hakuyatia sukari. Kwamba ni saratani, kwamba itabidi akate karibu nusu ya ini, na kwamba ini hurudi kuota lenyewe. Kwamba katika watu kumi anaowakata, mmoja huenda asitoke hospitali. Baada ya miaka mitano, watatu wako hai, akijitahidi sana wanne. Nikamwuliza, na katika kumi wasiokatwa? Akasema baada ya miaka mitano hakumbuki hata mmoja.

Nikatia sahihi yangu mwenyewe. Darasa la nne hilo hilo nililosoma lilinitosha. Khamsing alipokuja jioni na supu yake nikamwonyesha karatasi, akakaa chini sakafuni, mwanaume mzima, supu ikamwagika. "Utatuacha," akasema. Nikamwambia, "Mlikuwa mmeshaniacha, tena bila kuniambia." Hilo neno lilimwuma, najua. Sikuliomba msamaha, na mpaka leo sijaliomba.

Sasa najua unafikiri nini. Unafikiri kuhusu ile siku ya kumi na moja baada ya kupasuliwa, ulipokaa karibu yangu nikakwambia kwamba ningejua yatakuwa hivi ningekubali kufa. Chanpheng amesema hilo ndilo unalolishikilia. "Dada mwenyewe alisema." Ndiyo, nilisema. Nyongo ilikuwa inavuja ndani, homa haishuki, nina mpira ubavuni unatoa maji ya kijani kwenye mfuko, na nikikohoa nahisi nyuzi zinafumuka. Nilikaa hospitali siku arobaini na moja. Yote hayo ni kweli. Lakini mwanamke akiwa kwenye uchungu naye huapa hatazaa tena, na hakuna anayekwenda kumwandikia kiapo chake kama sheria. Ulinisikia siku ya kumi na moja. Mbona hukuja kuniuliza siku ya mia?

Turudi kwenye kikao.

Mwaka jana, ukiwa huko, tulimzika Mwalimu Wirat wa shule ya msingi. Yeye alipasuliwa, akaishi miaka miwili na nusu, ikarudi, akafa. Msibani kila mtu alikuwa na neno moja tu: kisu kimemuua. Wiki mbili baadaye tukamzika fundi seremala wa nyuma ya hekalu, aliyekuwa na ugonjwa huo huo na akakataa kupasuliwa, akamaliza miezi mitano. Nikasubiri nisikie mtu aseme kukataa kumemuua. Loh! Hakuna. Walisema siku zake zimetimia.

Nikarudi nyumbani damu inanichemka. Nikaona hapa ndipo tunapojidanganya watu wa bonde hili. Aliyepasuliwa akifa, tunamhesabu. Aliyekataa akifa, hatumhesabu popote. Basi kila mwaka kisu kinaonekana kinaua, na kukataa kunaonekana hakujaua mtu hata mmoja.

Nikachukua daftari la shule la Phim, la mistari. Nikachora mstari katikati. Mkeo mwenyewe ndiye aliyefuatana nami, kwa sababu yeye ni mhudumu wa afya wa kijiji na milango inamfungukia. Tulikwenda vijiji sita vinavyozunguka bwawa, nyumba kwa nyumba, tangu mwezi wa pili mpaka mvua zilipoanza. Tulifukuzwa na mbwa, tulipewa maji, tulipewa machozi mengi. Mwanamke mmoja alitukatalia mlangoni, halafu akatukimbilia njiani na picha ya mumewe. "Mwandikeni," akasema, "mwandikeni na yeye."

Hesabu ya miaka kumi ni hii. Waliopasuliwa ni kumi na wanne. Waliovuka mwaka wa pili ni wanane, na waliovuka wa tano ni watano, nami nimo. Wasiopasuliwa ni thelathini na mmoja. Waliovuka mwaka mmoja ni wanne. Mwaka wa pili aliuvuka mmoja. Wa tano, hakuna. Niliupitia upande huo mara tatu nikitafuta hata mtu mmoja wa kumtia pale, maana sikutaka kuonekana nimependelea.

Na sikutaka kukudanganya, kwa hiyo nililipeleka daftari kwa yule daktari mwembamba. Akalisoma lote, ameshika kidevu. Akasema, "Mama, kazi nzuri, lakini hesabu yako haiko sawasawa. Wengi wa hawa waliokataa walikuja wamechelewa, hata wangekubali nisingeweza kuwakata. Niliowakata ni waliowahi." Nikamwambia basi kuwahi ndiyo dawa. Akacheka, akasema nina ulimi wa wakili. Ninakuambia haya ili ujue kwamba nimelipima neno lake pia. Na wewe uko upande gani, wa waliochelewa au wa waliowahi? Sentimita tatu, Bunloet! Uvimbe wangu ulikuwa sita na nusu.

Daftari hilo ndilo nililolitoa kwenye kapu pale kikaoni. Nikaanza kusoma majina. Upande wa waliopasuliwa nikasoma wote, na waliokufa pia, sikuficha. Watu wakawa wanaitikia, "Ndiyo, huyo namjua." Nikageukia upande wa pili, nikasoma polepole. Nilipofika jina la kumi na saba, nikasita.

"Soma," Mjomba akasema.

Nikasoma. Bua, mke wa Phuay. Aligundulika mwezi wa tatu mwaka 2010. Hakupasuliwa. Miezi saba.

Unakumbuka nani alimkatalia daktari kwa ajili yake? Unakumbuka naye aliambiwa ana vijiwe? Mimi nilidhani nikilisoma jina lile nitamshinda. Badala yake nilimwona mzee wa watu amekaa na mikono juu ya magoti, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini anakuzuia. Kwa sababu ikiwa wewe utapasuliwa ukapona, yeye atalala na swali ambalo hataweza kulijibu. Roho iliniuma. Nampenda yule mzee, ndiye aliyetufundisha wote wawili kuogelea. Lakini nilikataa wewe ufe ili yeye alale.

Akauliza tu, "Jina lake umeliandika vizuri?"

Nikamsogezea daftari. Akaliangalia, akalirudisha, akainuka akaenda kuwapa majani nyati wake wa kulimia. Hajasema nami mpaka leo. Kikao kikaishia hapo, na hakuna aliyesema tena kwamba ukoo unakuunga mkono. Kwa hiyo usiandike kwenye barua yako "wazee wameafiki." Wazee wamenyamaza. Sasa uko peke yako na ini lako, kama nilivyokuwa mimi.

Na jingine, usidhani sijui. Chanpheng ameniambia kwamba Jumapili ninyi watu wa kwetu mnakutana mtoni huko huko Taichung, mnavua samaki, mnawakatakata wabichi, mnawatia ndimu, pilipili na unga wa mchele uliokaangwa, mnashushia pombe kali. Watu wamevuka bahari, minyoo ya ini, ile ya samaki wabichi inayozaa saratani hii, mmeibeba kwenye virago! Tangu utoto tunaambiana ndimu inaipika nyama. Haipiki, inaigeuza rangi tu. Tunaambiana pombe inaua minyoo. Ingekuwa inaua, wanaume wa Nong Kham Noi wangekuwa wa mwisho duniani kuugua. Halafu mtu anameza kidonge cha minyoo leo, kesho anarudia bakuli kwa moyo mkunjufu, eti ameshasafishwa.

Wiki iliyopita shambani, wakati wa mavuno, Khamsing na wenzake walikuwa wamekaa kwenye kibanda na bakuli lao la samaki wabichi. Nikapita, nikalichukua, nikalimimina kwenye sufuria iliyokuwa inachemka. Mume wangu akaruka kama ameungua.

"We mwanamke! Umeharibu!"

"Nimepika."

"Utamu wote umeondoka!"

"Na mimi niondoke kuutafuta?"

Wenzake wakamwambia mkewe ndiye mkuu wa wilaya. Alikula, akinung'unika, akaomba tena. Nawe kule mtoni fanya hivyo hivyo. Kama wenzako watakuuliza mwanamume gani anaogopa samaki, waambie dada yako amekataza, waje wamalizane na mimi.

Sasa sikiliza niliyoyafanya bila kukuuliza. Zile picha za vipimo ulizomtumia mkeo nilimfanya anipeleke nazo mjini Ijumaa. Daktari akaziangalia kwa muda mrefu. Akasema uvimbe uko upande wa kushoto, mishipa mikubwa ya damu haijaguswa, tezi hazijavimba, ini lililobaki ni zuri. Amekuwekea kitanda tarehe nane Januari. Nikamwuliza, na akija mwezi wa nne? Akasema mwezi wa nne anaweza kukufungua, akaangalia, akakufunga. Neno lake ndilo hilo, nimekuandikia kama lilivyo. Ukitaka kukatwa huko huko Taichung, vizuri, sina ubishi, mradi ukatwe. Mkataba ni karatasi, na mwajiri hawezi kukufungia mashine shingoni.

Kuna jambo moja bado, na hili hajui mtu. Khamsing hajui, Mama hajui, Chanpheng hajui.

Mwezi wa kumi nilikwenda kwenye kipimo changu cha kila miezi sita. Ini ni safi. Kwenye mapafu wameona vitone viwili. Daktari mwembamba alivua miwani kwanza ndipo akaniambia, nikajua kabla hajafungua mdomo. Imerudi. Safari hii hakuna cha kukata. Baada ya mwaka mpya nitaanza dawa za kutiwa kwenye mshipa, na dawa hizo hupunguza kasi, haziponyi.

Nimekaa na habari hiyo kimya, si kwa woga. Nilijua nikiisema tu, hesabu yangu yote itatupwa bwawani. Mjomba atasema, mnaona? Upepo! Kijiji kizima kitasema kisu kimemuua Thongmuan, na wewe utakuwa wa kwanza kusema, tena kwa furaha, kwa sababu utakuwa umepata kisingizio. Barua hii niliiandika mara ya kwanza juzi bila ukurasa huu. Ilikuwa barua nzuri, ingekushinda. Nikaisoma, nikaona aibu, nikaichana. Maana nilikuwa nakufanyia kile kile mlichonifanyia mlipotoka kwa daktari mnatabasamu. Nikakataa. Ukikubali, ukubali ukijua yote.

Basi sasa unajua yote, na mimi bado nakwambia: pasuliwa.

Kisu hakikuniponya, sawa. Kimenipa miaka mitano na miezi minne, na miezi hiyo nimeila yote. Nimemzika Baba kwa mikono yangu, nikamwosha mwenyewe, badala ya yeye kunizika mimi. Nimevuna mara tano. Nimemfundisha Phim kuendesha baiskeli, ameniangusha mtaroni, nimempiga kibao, tumelia wote wawili. Nimegombana na Khamsing kila wiki, na kila wiki tumepatana. Nimezunguka vijiji sita na daftari. Ningekubali vijiwe vyenu, ningekuwa majivu na mifupa kwenye chungu ukutani mwa hekalu tangu mwaka 2014, na ungekuwa unaniletea maua kila mwaka mpya ukijisifu kwamba nilikufa mzima. Mtu akinirudisha leo kwenye ule mlango wa daktari, na vile vitone viwili nikivijua, nitamnyang'anya kalamu kabla hajamaliza kuniuliza.

Na wewe hujui utapewa mingapi. Wa kitanda cha kulia, Bibi Kongmi, alipasuliwa naye, yuko hai, haumwi kitu, juzi nimemkuta sokoni anagombania bei ya kabichi. Uvimbe wake ulikuwa kama wako.

Nataka jibu kabla ya tarehe ishirini. Sitaki "nitafikiri," na wala sitaki mtandao mbovu. Andika "nakuja" au andika "siji," na ukiandika "siji" andika na sababu, kwa mkono wako, nikaisome mbele ya binti yako.

Mama anakusalimu sana. Khamsing anakusalimu na anauliza kama mashine za kukata nyasi huko ni nzuri. Chanpheng anakusalimu, hasemi mengi siku hizi, mwandikie na yeye barua yake peke yake. Phim anakusalimu kwa mwandiko wake mzuri, ataweka karatasi yake humu. Mjomba Phuay hajanituma salamu, lakini jana alimwuliza Mama ndege kutoka Taichung inachukua saa ngapi, nami nakupa hiyo kama salamu yake. Wasalimie wenzako wa bwenini, hasa yule wa mkoa wa Udon anayekupikia.

Ndani ya bahasha utakuta uzi mweupe. Mama ameusokota na ameunenea dua mwenyewe. Mwombe mwenzako mmoja akufunge nao mkono wa kulia, usijifunge mwenyewe. Kila wema uliowahi kumtendea mtu usimame mbele yako siku hiyo, na roho yako isitangetange mbali na mwili.

Njoo tarehe nane Januari, Bunloet. Januari nitaweza kukaa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji mpaka wakutoe, hata ikichukua muda wa saa kumi, na ukifumbua macho uso wa kwanza utakaouona ni wangu. Mwezi wa nne siwezi kukuahidi.

Dada yako anayekupenda, na leo hii ni mzima,

Thongmuan